Fimbo za gofu zisivunjike ndegeni
Mstaafu anayesafiri kwenda kucheza ugenini aanze na fimbo iitwayo dreva. Ndiyo fimbo ndefu kuliko zote, hivyo mkoba ukidondoka kichwa chini hupigwa ya kwanza. Kama kichwa chake hufunguka, piga picha ya alama za shingoni kabla ya kukifungua, la sivyo utakirudisha na pembe nyingine na mipira itakwenda kando siku nzima. Kivishe soksi nene. Kisha chomeka mkobani mpini wa ufagio uliozidi fimbo zote kwa sentimita 5. Huo ndio utakaopokea kishindo. Mianya ijaze taulo. Bisibisi ya kukifungulia kichwa iende na mzigo mkubwa, maana wakaguzi wanaweza kuichukua. Na uhesabu: mchezoni mwisho ni fimbo 14.