Kabla ya Masika: Yajue Maji ya Nyumba Yako Yanapopita

Masika ya Mombasa huanza Machi na kupamba moto Mei. Anayengoja mvua ya kwanza ndipo afunue manholi, yale mashimo yenye vifuniko juu ya bomba la maji taka, amechelewa, maana siku hiyo fundi anaitwa na mtaa mzima. Mimi hukagua Februari, wakati ardhi ni kavu na kila ufa waonekana.

Kwanza elewa kwamba nyumba ina maji ya namna mbili, na hayafai kukutana. Maji ya mvua hutoka kwenye paa yakapita kwenye gata, yakateremka kwa bomba hadi mtaroni. Maji taka ya choo, bafu na jikoni hupita manholi yakaingia kwenye septiki, tangi la chini ya ardhi ambamo tope hutuama, kisha shimo la kunyonya ambamo maji huzama ardhini, kwa kuwa nyumba nyingi za Mombasa hazijafikiwa na bomba la maji taka la mji. Sasa piga hesabu. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la mita za mraba 100 likinyeshewa milimita 50 limekusanya lita 5,000. Septiki ya nyumba haikujengwa kupokea mzigo huo kwa siku moja.

Nayasema haya kwa uchungu. Nyumba tuliyopanga Mikindani, choo kilikuwa kikigugumia kila mvua ikinyesha, na bafuni maji yakipanda badala ya kushuka. Tulizibua na kuzibua. Mwishowe fundi mmoja mzee alifunua manholi mvua ikinyesha, akaona maji safi yakiingia kwa kasi: bomba la paa lilikuwa limeunganishwa na la choo.

Kwa hivyo jaribio langu la kwanza ni hili. Koroga buluu ya kufulia kwenye ndoo ya maji, mimina juu ya gata, kisha ushuke utazame rangi inatokea wapi. Ikitokea mtaroni, sawa. Ikitokea kwenye manholi, umeupata ugonjwa. Ukiwa huko juu, toa majani ya mwarobaini na uangalie gata haijalala katikati. Maji yanayotuama humo ni mazalio ya mbu.

Manholi nayo ifunue mtu mwingine akifungua mfereji ndani. Maji yapite, yasisimame. Lakini usiingie, usiinamishe kichwa, wala usiwashe moto karibu: hewa ya humo huua, na anayemfuata mwenzake kumwokoa hufia humo pia. Kina cha tope la septiki hupimwa kwa mti mrefu uliofungwa kitambaa cheupe. Likifika thuluthi ya kina cha tangi, liite lori la kunyonya.

Shimo la kunyonya ndilo watu hulisahau. Penye mwamba wa matumbawe, kama kisiwani na Nyali, shimo laweza kukaa miaka bila kujaa, na mwenye nyumba akafurahi. Asifurahi upesi. Matumbawe yana mianya, na maji yanayopotea upesi hivyo yaweza kutokea kisimani, kwako au kwa jirani. Kama mnatumia maji ya kisima, yapelekeni yakapimwe, na ya kunywa yachemsheni au myatie dawa. Penye udongo mzito wa mfinyanzi mambo hugeuka: maji hayanyonywi, shimo hufurika.

Walio karibu na hori, yaani mkono wa bahari ulioingia bara, kama Tudor, wana jambo la ziada. Mtaro wenu ukimwaga baharini, nendeni mkautazame siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji yakiwa yamejaa. Mdomo wa mtaro ukizama, mvua ya saa hiyo haina pa kwenda, hivyo vitu vya sakafuni vipandisheni mapema.

Mwisho tazama mbele ya geti. Wengi wamefukia mtaro wa barabarani ili gari lipite, wakaacha kibomba chembamba ambacho chupa mbili za plastiki zinatosha kukiziba. Hapo jirani wa juu ndiye anayefurikiwa. Zungumza naye kabla ya Machi, mzibue pamoja, na mchanga mtakaoutoa uchukuliwe siku hiyohiyo. Ukiachwa kando ya mtaro, mvua ya kwanza huurudisha ndani.