Kabla Hujashika Msasa: Jinsi ya Kusoma Mbao za Steshenwagoni ya Zamani

Mwaka wangu wa kwanza katika kazi hii nilipewa Ford Country Squire, steshenwagoni (gari refu lenye nafasi ya mizigo nyuma ya viti), nisafishe "mbao" zake. Nilichukua msasa kwa ujasiri wote wa seremala, na baada ya mikupuo mitatu nikaanza kuokota vipande vya plastiki sakafuni. Tangu siku hiyo sigusi gari lolote kabla sijajua mbao zake ni za kizazi gani, na utaratibu ninaoufuata ni huu.

Hatua ya 1: Anza na mwaka wa gari

Steshenwagoni ilipewa jina na stesheni ya reli. Katika miaka ya 1910 na 1920, mafundi wa Marekani walijenga bodi za mbao juu ya chesisi (fremu ya chini ya gari) kama ile ya Ford Model T, ili kupokea abiria na mizigo yao kwenye treni. Mbao hazikuwa anasa hata kidogo: kalibu za kufinyanga bati zilikuwa ghali, na kwa magari machache ilikuwa nafuu zaidi kumwita seremala. Mwaka 1929 Ford ilianza kuuza steshenwagoni ya Model A kwa jina lake yenyewe, ikitumia mbao za misitu yake ya huko Iron Mountain, Michigan. Fahari ilikuja baadaye, hasa kwa Chrysler Town & Country ya 1941, yenye fremu za mti wa eshi na paneli za mahogani.

Baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia hesabu iligeuka. Mwaka 1949 Plymouth ilitoa steshenwagoni ya chuma kitupu iliyouzwa sana, na Buick ya 1953 inahesabiwa kuwa ya mwisho kuundwa kwa wingi Marekani ikiwa na mbao halisi katika bodi. Country Squire iliyozaliwa na mbao mwaka 1950 ilikuwa na bodi ya chuma kufikia 1952, ikavikwa filamu yenye picha ya mahogani, na ikaendelea na vazi hilo hadi 1991.

Hatua ya 2: Tumia sumaku, lakini usiiamini peke yake

Sumaku ikinasa juu ya "mbao", chini yake kuna bati. Isiponasa, usishangilie bado, kwa sababu mapambo ya faiba nayo hayanasi. Katika Morris Minor Traveller ya Uingereza, iliyotengenezwa kuanzia 1953 hadi 1971, paneli za nyuma ni za alumini, ambayo nayo hainasi sumaku, ilhali fremu ya eshi inayozizunguka ni mbao kweli.

Hatua ya 3: Fungua mlango, tazama bawaba

Kama skrubu za bawaba zimeng'ata mbao, basi mbao hizo zinabeba mzigo. Traveller ni ya namna hii: fremu yake ikioza, gari hushindwa ukaguzi wa usalama kama lile lililooza chesisi. Mini Traveller, ingawa inafanana nayo kama ndugu, mbao zake zimebandikwa tu juu ya bodi. Ukizing'oa zote, gari halipotezi nguvu yoyote.

Hatua ya 4: Tafuta uozo kwa shazia

Anza chini ya vioo vya madirisha ya pembeni vinavyoteleza, kwenye mfereji ambamo maji hutuama na kuvu la kijani huota. Choma taratibu. Mbao nzima hukataa ncha. Iliyooza huipokea bila sauti, kama mkate uliolowa. Doa jeusi linaloizunguka skrubu peke yake si uozo, bali ni kutu iliyoingia kwenye mbao, na asidi ya oksaliki hulipunguza vizuri.

Hatua ya 5: Kata, usijaze

Kujaza uozo kwa puti ni kuuficha, na nimekwisha kulipwa mara nyingi kurudia kazi za namna hiyo. Kwanza tegemeza bodi kwa vigingi ili milango isipoteze mstari wake. Kisha kata hadi ufikie mbao nzima, ukate kwa mshazari ambao urefu wake ni walau mara 8 ya unene wa mbao, na uunge kipande cha mti uleule kwa gundi isiyoogopa maji. Piga msasa kufuata nyuzi. Vanishi ianze kwenye ncha zilizokatwa, kwani ndiko mbao inakonywea maji.

Hatua ya 6: Kama ni filamu

Ng'oa kwanza vile vipande vya faiba vinavyoizunguka, ili kingo za filamu mpya zije zikae chini yake. Pasha filamu ya zamani kwa hewa moto na kuivuta polepole, ondoa gundi yote, halafu nyunyizia bati maji yenye matone machache ya sabuni ya vyombo. Laza filamu mpya, sukuma maji kutoka katikati kwenda pembeni, na uhakikishe mistari ya picha imelingana kutoka mlango mmoja hadi mwingine kabla haijashika.