Dar hadi Nairobi kwa ndege: kokotoa mwenyewe umbali na muda wa safari

Nakatisha tiketi, na swali la kila siku dirishani ni "Nairobi ni saa ngapi kwa ndege?" Hesabu yake unaweza kuifanya kwa simu yako tu.

Hatua ya 1: umbali wa angani. Fungua ramani kwenye simu, bonyeza kila uwanja, uandike namba zake. Uwanja wa Julius Nyerere uko nyuzi 6.88 Kusini na 39.20 Mashariki, Jomo Kenyatta uko 1.32 Kusini na 36.93 Mashariki. Toa: unabaki na 5.56 na 2.27. Zidisha kila moja kwa 111, maana uzi mmoja ni kama kilomita 111. Unapata 617 na 252. Sasa ni Pythagoras wa shuleni: vipeo vya pili vyake ujumlishe, kisha utafute kipeuo. Jibu ni kama kilomita 666. Kwa barabara, kupitia Arusha na Namanga, ni karibu 900.

Njia hii inakubali kwetu kwa kuwa tuko jirani na ikweta. Usiitumie kwa London. Kule mistari ya longitudo imebanana na jibu litatoka kubwa mno.

Hatua ya 2: muda wa kuruka. Ulizia aina ya ndege kabla ya kugawa. Jeti hukimbia kama kilomita 800 kwa saa, kwa hiyo 666 ni dakika 50. ATR 72 ya pangaboi iko kwenye 500, yaani saa 1 na dakika 20. Ongeza dakika 20 hadi 30 za kutembea ardhini, kupanda na kusubiri zamu ya kutua. Ndiyo maana tiketi ya jeti huandikwa saa 1 na robo au zaidi kidogo.

Hatua ya 3: soma saa vizuri. Hapa ndipo watu hukosa ndege. Tiketi ikisema 07:00 ni saa 1 asubuhi, si saa 7 mchana; saa 7 mchana huandikwa 13:00. Hatari kubwa zaidi ni 00:30. Tarehe 15 saa 00:30 ni usiku wa kuamkia tarehe 15, hivyo uwe uwanjani jioni ya tarehe 14. Mteja akinunua tiketi ya namna hiyo, namwandikia siku ya kutoka nyumbani kwa kalamu nyekundu, hata akicheka.

Hatua ya 4: mlango kwa mlango. Fika saa 2 au 3 kabla, ongeza foleni ya Barabara ya Nyerere, uhamiaji na mizigo, kisha gari la kuingia mjini Nairobi. Ile saa 1 na robo inakuwa saa 6 hivi. Basi bado limeshindwa, ila usipange kikao mapema.

Ukitaka kuuona Kilimanjaro, omba dirisha la kushoto ukienda, la kulia ukirudi.

Dar na Nairobi zinatumia saa ileile, lakini Kigali iko nyuma kwa saa 1. Ndege ya saa 1 na dakika 50 ikitoka Dar 10:00, tiketi itaonyesha inatua 10:50. Ukirudi, ikitoka Kigali 12:00 itatua Dar 14:50. Tiketi haijakosewa.