Kabla hujaotesha mibuyu kwa mbegu

Mbegu toa kwenye buyu lililokomaa na kukauka. Mabuyu mekundu ya kumumunya yameshapikwa na sukari, usijisumbue nayo. Osha unga wote uishe, sisimizi wasije wakahamia kitaluni. Mbegu yenye kitundu tupa, mdudu keshamaliza ndani. Viriba, vile vifuko vya kuoteshea miche, viwe virefu, kwa sababu mbuyu mchanga huteremsha mzizi mnene kama karoti.

Sasa ganda la mbegu. Halipitishi maji, utamwagilia wiki nzima na ndani pakavu. Kwa hiyo chemsha maji, epua, ndipo umimine mbegu, uziache mpaka kesho yake. Nimesema epua kwanza, hatupiki maharage.

Mimi nilifanya hivyo hivyo, hapa Dodoma. Asubuhi nikakuta ndooni mbegu za namna mbili: zilizovimba, ukibonyeza kwa ukucha ganda linaingia, na nyingine ndogo, ngumu kama changarawe, utadhani hazijaonja maji. Kwa haraka zangu nikaatika zote, viriba 200. Wiki tatu, vimeota kama 70. Nikangoja tena, nikachoka, vilivyobaki nikavimwaga chini ya mwembe. Aliyeniuzia mbegu nilimpigia simu nikamwambia maneno ambayo leo nayaonea haya. Mvua za Desemba zilipokolea, mtoto wa dada akaniita, "Mjomba, njoo uone mibuyu yako." Imechomoza pale chini ya mwembe, imebanana kama mchicha. Kumbe zilikuwa zimelala tu, na mimi nimemtukana mtu bure.

Kwa hiyo chambua. Zilizovimba atika siku hiyohiyo, zikikaa zinavunda. Zile ngumu zirudishe kwenye maji ya moto, au zikwangue moja moja kwa tupa hadi ganda litoboke kidogo, upande ulio mbali na kitovu, yaani kile kikovu mbegu iliposhikana na tunda. Kitovuni usiguse kabisa, mzizi unatokea hapo.

Andika tarehe kwenye kibao, kichwa kinasahau. Usimwage udongo wa kiriba chochote kabla hujafukua mbegu ukaiangalia. Na kibarua wa palizi mwonyeshe mche kabla hujampa jembe: jani lake ni moja zima, halina vidole kama la mbuyu mkubwa, na wengi huung'oa wakidhani gugu. Halafu kuna mbuzi. Wa kwako funga, wa jirani wekea miiba.