Jinsi ya kuchapa alama za toni za Veda kwenye Devanagari bila kuchora vimistari

Mi kazi yangu kuchapa na kuprinti hapa Tabora mjini, mwaka jana mzee mmoja wa Kihindi akaniletea karatasi yake ya sala imechakaa anataka ichapwe upya, maneno ya Veda (vitabu vitakatifu vya kale vya Wahindu) kwa herufi za Devanagari, zile wanazoandikia Kihindi na Kisanskriti, na juu na chini ya herufi kuna vimistari vidogo vidogo. Herufi nikachapa, vimistari nikavichora kwa shepu za Word kimoja kimoja mpaka jioni. Kwenye mashine yangu ilitoka safi, alivoifungua mwanae kwenye kompyuta ya nyumbani vimistari vyote vimehama. Mzee akaniambia taratibu, mwanangu bila hivi hii sio sala.

Ile ni toni, na sisi uzito wake tunaujua. Barabára ya kwenda Nzega na kazi iliyokaa barábara herufi ni zilezile, mkazo tu umehama. Anayejua Kinyamwezi ndo kabisa. Wahindi wana habari ya zamani sana ya neno indraśatru, toni ikikaa mwisho maana yake muuaji wa mungu Indra, ikikaa mwanzo ni yule anayeuawa na Indra, kwa iyo aliyekosea toni alimuombea kifo mwanae mwenyewe.

Sasa kila kimistari kina namba yake kwenye Unicode, ile orodha ya dunia nzima inayoipa kila herufi na alama namba yake. Utazotumia sana ni mbili, 0951 ni mstari wa kusimama juu ya herufi na 0952 ni mstari wa kulala chini yake. Angalia hapa maana wengi wanakwama: 0951 imepewa jina la udatta (toni ya juu), ila kwenye Rigveda, moja ya zile Veda, mstari wa juu ni svarita (toni ya kushuka), na udatta yenyewe haiwekewi alama kabisa. Jina likishaingia Unicode halibadilishwi tena, kwa iyo we fuata umbo unaloliona kwenye karatasi, jina achana nalo.

Kwenye Word unaandika herufi, unaweka irabu yake, ndo unaandika 0951 halafu unabonyeza Alt na X pamoja, namba inapotea na mstari unakaa juu ya herufi (LibreOffice nayo ni hivohivo). Tuchukue maneno mawili ya kwanza kabisa ya Rigveda, yanaandikwa yameungana, अ॒ग्निमी॑ळे. Unaandika अ halafu 0952. Kinafuata ग्नि, hicho usikiguse, ndo chenye udatta. Halafu म, irabu yake ी, ndo 0951, unamalizia ळे. Ukiitanguliza 0951 kabla ya irabu mara nyingi linatokea duara la vitone, ukiliona hilo usihangaike na fonti kwanza, futa upange upya.

Alama adimu zina sehemu yake, 1CD0 mpaka 1CFF, zilianza kuingia 2009 kwenye Unicode 5.2. Kwa mfano 1CDA ni mistari miwili ya kusimama juu. Vitarakimu vya juu ya maneno ya Samaveda (Veda nyingine) viko kuanzia A8E0. Na mteja akitaka herufi za Kigujarati usitafute namba nyingine, 0951 na 0952 ni hizohizo.

Fonti tafuta inayozijua hizi alama, mi natumia Siddhanta na ni ya bure. Zile fonti za zamani ambazo unabonyeza a ya kawaida inatokea herufi ya Kihindi ziache kabisa, ukipeleka faili kwenye mashine isiyo nayo unakuta abracadabra tupu.

Ukimaliza toa PDF ya kuprintia, ila maneno yenyewe kopi uyapesti kwenye meseji ujitumie kwenye simu. Vimistari vikifika vyote na kila kimoja kiko kwenye herufi yake, mpe mwenye sala asome kwa sauti we ukifuatisha na karatasi ya zamani, ndo uprinti.