Hatua za kukagua kibao cha udongo chenye maandishi ya kikabari kabla ya kulipa

Nimeulizwa mara nyingi mno namna ya kukagua vibao hivi, ambavyo maandishi yake ni alama zenye umbo la kabari zilizokandamizwa kwenye udongo, kwa hiyo naliandika mara moja na atakayeuliza tena nitamrudisha hapa.

Hatua ya 1. Omba picha za pande zote sita pamoja na vipimo.

Hatua ya 2. Kagua kingo, mshono wa kalibu na vitundu vya hewa ni dalili za nakala iliyomiminwa.

Hatua ya 3. Kipindue kutoka chini kwenda juu, si kama ukurasa wa kitabu. Waandishi wa Mesopotamia, yaani Iraki ya kale, walipindua hivyo, na maandishi ya nyuma yatakaa wima.

Hatua ya 4. Dai hati za umiliki. Hapa ndipo nilipoteleza. Nilinunua kibao cha risiti ya kondoo cha enzi ya Ur ya Tatu (utawala wa wafalme wa mji wa Ur, miaka kama 4,000 iliyopita), kidogo kuliko kiganja changu, kikiwa na barua iliyosema tu kwamba ilikuwa mali ya familia fulani kabla ya 1970. Barua haikuwa na picha, wala vipimo, wala idadi ya mistari, hivyo ingeweza kuambatanishwa na kibao chochote. Hatimaye nilikikabidhi kibao kwa ubalozi wa Iraki, na fedha zangu sikuziona tena. Azimio namba 1483 la Baraza la Usalama, la mwaka 2003, linataka nchi zizuie biashara ya mali ya kale iliyotolewa Iraki kinyume cha sheria tangu tarehe 6 Agosti 1990. Msidhani barua yenye tarehe ya zamani inatosha: kibao cha ndoto ya Gilgamesh (shujaa wa utenzi wa kale wa Mesopotamia), kilichorudishwa Iraki mwaka 2021, kiliuzwa kwa barua ya uongo iliyokitaja kuwa cha mnada wa 1981.

Maswali ya wanachama

Swali: Changu kina vumbi. Nikioshe?
Jibu: Hapana. Vibao vingi havikuchomwa. Maji yatakirudisha kuwa tope.

Swali: Bei ni nafuu na muuzaji ana haraka. Barua anayo, si inatosha?
Jibu: Hujasoma hatua ya 4. Isome.

Swali: Mwalimu, shikamoo. Kwa nini mistari mingine huzunguka ukingo wa kulia?
Jibu: Marahaba, ndugu yangu, umetazama vizuri. Nafasi ilipomwishia, mwandishi aliuendeleza mstari ukingoni, wakati mwingine hadi nyuma, kwa kuwa udongo ulikuwa bado mbichi mkononi mwake. Tazama pia mwisho wa risiti za Ur ya Tatu, ambako mara nyingi utakuta jina la mwaka. Mwaka wa 2 wa mfalme Amar-Suen uliitwa mwaka alioubomoa Urbilum, mji ambao leo ni Erbil.

Swali: Picha zangu hazionyeshi alama vizuri.
Jibu: Zima taa ya chumba, kisha ilaze tochi ya simu karibu na meza, upande wa juu kushoto, ili kila kabari itupe kivuli chake.