Bagamoyo hadi Ujiji peke yako: namna ya kupanga safari ya gari ya muziki na historia

Njia ya kati ya misafara, iliyopeleka pembe za ndovu na watumwa kutoka Ziwa Tanganyika hadi pwani, bado inapitika. Leo sehemu kubwa ni lami. Ukianzia Bagamoyo ukamalizia Ujiji utakuwa umeikata nchi nzima kwa zaidi ya kilomita 1,200, na miji iliyokua juu ya njia hiyo, yaani Morogoro, Tabora na Kigoma, ndiyo hiyohiyo iliyotoa bendi kubwa za muziki wa dansi. Wanamuziki, kama wapagazi kabla yao, hufuata penye wasafiri na pesa.

Mwongozo huu ni wa mtu anayeendesha mwenyewe, bila mwenza wa kumsomea ramani.

Hatua ya 1: Panga kwa siku za wiki, si kwa kilomita

Makumbusho hufunguliwa mchana, bendi hupiga usiku wa mwisho wa wiki. Kwa hiyo anza na kalenda: hakikisha Ijumaa au Jumamosi moja inakukuta Morogoro na nyingine Kigoma. Jumatatu hadi Alhamisi ziwe za barabara na mambo ya kale. Epuka Machi hadi Mei, mvua za masika zinaharibu michepuko yote ya vumbi. Juni hadi Oktoba ndiyo nzuri. Ukiweza, ulizia mapema tarehe za tamasha la muziki wa Wagogo pale Chamwino, kisha ujenge safari yote kuzunguka hizo.

Hatua ya 2: Gari na nyaraka

Spea yenye upepo, jeki inayonyanyua kweli, pembetatu mbili za tahadhari, mtungi wa kuzimia moto ambao muda wake haujapita. Trafiki watauliza. Kwenye vijiji mwendo ni kilomita 50 kwa saa, na tochi zao zinakuona kabla wewe hujawaona wao. Jaza mafuta kila ukifika nusu tenki, hasa kuanzia Manyoni kwenda magharibi, maana sheli zinaachana mbali.

Usiendeshe usiku, na mchana nako usikimbize. Salum Abdallah, kiongozi wa bendi ya Cuban Marimba ya Morogoro, alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1965. Mbaraka Mwinshehe, nyota wa bendi ya Morogoro Jazz, alifariki kwa ajali Mombasa, Januari 1979. Waziri Mkuu Edward Sokoine alifia karibu na Dakawa tarehe 12 Aprili 1984, akitokea Dodoma, na eneo hilo utalipita. Sina haja ya kuongeza neno.

Pakua nyimbo zote kabla ya kuondoka, intaneti inapotea kwa masaa. Zipange kwa miji, usizichanganye: ukiwa unaikaribia Morogoro sikiliza bendi za Morogoro. Sikio likishafahamu mtindo, mzee akikutajia jina la mpiga solo hutabaki unamkodolea macho.

Hatua ya 3: Bagamoyo, uamke mapema

Anzia Misheni ya Roho Mtakatifu, iliyoanzishwa mwaka 1868. Ndani kuna makumbusho ndogo lakini yenye mpango, na nje uko mnara wa kanisa ambamo mwili wa Livingstone ulilazwa Februari 1874. Simama hapo ufikirie kazi ya Chuma, Susi na wenzao, walioubeba mwili ule kwa miguu kutoka Chitambo, katika Zambia ya leo. Majina yao ndiyo nayapa uzito pale kuliko jina lililo kwenye kibao.

Kisha Ngome Kongwe, Boma la Wajerumani, na magofu ya Kaole kilomita chache kusini. Kwenye vituo vya Idara ya Mambo ya Kale mara nyingi utalipa kwa kontro namba, yaani namba ya malipo ya serikali, kwa hiyo simu iwe na salio, na beba kitambulisho cha NIDA upate bei ya mwananchi.

Jioni nenda TaSUBa, taasisi ya sanaa iliyozaliwa kutokana na Chuo cha Sanaa cha mwaka 1981. Wanafunzi wanafanya mazoezi, na ukiomba kwa heshima unaweza kuruhusiwa kukaa pembeni. Bagamoyo ndiko alikoishi Hukwe Zawose, bingwa wa ilimba (ala ya vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba) na izeze (zeze la Kigogo), hadi alipofariki Desemba 2003. Ukoo wake bado unapiga. Asili yake ni Ugogo, kwa hiyo utakutana naye tena mbele.

Hatua ya 4: Msata, Chalinze, Morogoro

Usirudi Dar. Kamata barabara ya Msata, ushuke hadi Chalinze, ukunje kulia. Foleni ya Kibaha umeikwepa.

Morogoro ipe siku mbili. Mchana nenda Mazimbu, ilipokuwa shule ya wakimbizi wa Afrika Kusini iliyopewa jina la Solomon Mahlangu. Ilianza mwaka 1978, na leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine. Ripoti getini, useme umekuja kuona makaburi. Yametunzwa vizuri, na ukisoma miaka ya kuzaliwa iliyochongwa pale utaona wengi walikuwa vijana.

Kazi ngumu ni ya jioni. Morogoro ilikuwa na mahasimu wawili: Morogoro Jazz, ya tangu 1944, na Cuban Marimba ya Salum Abdallah, kijana ambaye inasimuliwa alitoroka nyumbani akitaka kwenda Cuba akaishia Mombasa. Mbaraka Mwinshehe aling'aria Morogoro Jazz, akapiga hadi Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya mwaka 1970, kisha mwaka 1973 akaondoka kuunda Super Volcano. Usitegemee kibao kinachosema "hapa ndipo". Kumbi za zamani zimekuwa maduka na maghala. Ramani yako ni wazee.

Fanya hivi. Tafuta kijiwe cha kahawa, si baa. Amkia, "Shikamoo wazee," kaa, agiza kikombe na kashata, na usitoe simu. Uliza swali dogo linalowagawa: "Eti kati ya Mbaraka na Salum Abdallah, nani alikuwa anajaza ukumbi?" Hapo umemaliza. Mmoja ataimba, mwingine atabisha, wa tatu atasema wote hawajui, yeye ndiye alikuwa anauza tiketi mlangoni. Ndani ya nusu saa utakuwa umetajiwa kumbi kwa mtaa na kwa jengo, na huenda mmoja akajitolea kukupeleka. Mpeleke kwa gari lako, umrudishe kijiweni, umlipie kahawa ya kesho. Kurekodi omba mwishoni, wakishakuzoea.

Usiku ukienda kwenye bendi, keti karibu na jukwaa, walipo wanamuziki na mafundi mitambo. Mimi ni mwanamke, na huko ndiko ninakosumbuliwa kidogo zaidi. Ukitunza, tunza kwa adabu mbele ya mwimbaji, ndipo wakati wa mapumziko atakuja kukuzungumzisha mwenyewe.

Hatua ya 5: Chamwino kabla ya Dodoma

Pita Gairo, ununue viazi vitamu, kisha Kibaigwa penye soko kubwa la mahindi. Usikimbilie Dodoma mjini. Chamwino iko kabla ya kufika, na hapo kuna kituo cha sanaa kinachoshughulika na muziki wa Wagogo. Piga simu siku kadhaa kabla, vikundi ni vya wakulima na hawakai wakimsubiri mgeni. Kubalianeni malipo ya kikundi kabla ya ngoma ya kwanza.

Utakachoona ni muheme: akina mama wamebana ngoma katikati ya magoti, wanapiga huku miili ikitikisika, na sauti zinapandiana kwa tabaka. Omba pia ushike ilimba. Sikiliza ule mlio wa kuvuma unaofuata kila noti: unatoka kwenye tundu lililozibwa kwa utando wa buibui. Spika ya simu haiutoi.

Ukiwa na siku ya ziada, panda kaskazini hadi Kolo, Kondoa, kwenye michoro ya miambani iliyoingia Urithi wa Dunia mwaka 2006. Chukua mwongozaji pale ofisini.

Hatua ya 6: Tabora

Kupitia Manyoni na Itigi sasa ni lami hadi Tabora. Ni ndefu na kavu, na mpinzani wako ni usingizi. Simama kila baada ya saa mbili hata kama hujachoka.

Nenda Kwihara, nje kidogo ya mji, kwenye tembe alimokaa Livingstone mwaka 1872 akisubiri wapagazi. Mwulize mwongozaji habari za Mtemi Isike, aliyejilipua mwaka 1893 asikamatwe na Wajerumani. Kimuziki, Tabora ilikuwa na Kiko Kids, Nyanyembe Jazz na Tabora Jazz ya mtindo wa Segere Matata. Tumia mbinu ileile ya kijiweni, na ununue asali kabla ya kuondoka.

Hatua ya 7: Urambo, Uvinza, Ujiji

Kabla ya kutoka Tabora waulize madereva wa mabasi hali ya barabara upande wa Kaliua na Uvinza; wao wameipita jana. Urambo ni nchi ya Mtemi Mirambo, Uvinza ni ya chumvi. Ujiji ina makumbusho na mnara mahali Stanley alipokutana na Livingstone mwaka 1871. Nusu saa inatosha, halafu zunguka mitaa yenyewe.

Kigoma mjini angalia stesheni ya Wajerumani, na bandarini uulizie MV Liemba, meli iliyojengwa Papenburg mwaka 1913, ikazamishwa 1916, ikaibuliwa 1924. Omba ruhusa kabla ya kupiga picha bandarini, usije ukanyang'anywa simu. Usiku kula mgebuka, samaki wa ziwa hili, kisha tafuta muziki: dansi la hapa limelelewa pande mbili za ziwa, na ukoo wa Diamond Platnumz na wa Ali Kiba una mizizi mkoa huu.

Ukitaka kurudi kwa njia tofauti, panda Kasulu na Kibondo hadi Nyakanazi, kisha Kahama, Nzega na Singida, utokee Manyoni.